Aliyesimama Nyuma ya Mpiga Picha

Ipo siku moja ya harusi Kariakoo ambayo sijaisahau, mwanangu. Juzi ulipokuja na kamera yako mpya ukaniuliza utazame kwenye kitundu cha jicho au kwenye kioo cha nyuma, nilikujibu kwamba utazoea chochote utakachoanza nacho. Nilikuwa nakukwepa. Kaa hapa leo, weka hiyo kamera mezani, nikwambie kwa nini.

Nilikuwa binti mbichi, sijaolewa, na kamera za dijitali ndiyo kwanza zimeanza kuonekana mjini. Biashara ilishaachiwa huru. Kila kilichouzwa Kariakoo kilikuwa kimeshuka kutoka Dubai: saa, redio, viatu vya kung'aa, mpaka kucha za bandia. Nyumba za chini za kupangisha vyumba zilikuwa zinabomolewa na maghorofa yanapanda palepale. Fundi mmoja aliweza kujenga maghorofa matatu mtaa mmoja kwa ramani ileile, roshani zilezile, vioo vya buluu vilevile, hata mgeni akashindwa kujua atokako na aendako. Ukumbuke hilo la maghorofa, maana bila hilo leo nisingekuwa na la kukusimulia.

Nilifanya kazi studio kwa Bwana Kanti, Mhindi aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Mpwa wake alimletea kamera ya dijitali, ndogo, ya rangi ya fedha. Juu ilikuwa na kitundu cha kutazamia, nyuma ilikuwa na kioo kidogo kama boksi la kiberiti. Yeye mwenyewe hakuitaka. Alibaki na kamera zake za mkanda, ile ya dijitali akanipa mimi nitokee nayo kwenye sherehe. Wasia wake ulikuwa mmoja.

"Mwanaidi, weka jicho kwenye kitundu. Viwiko bana mbavuni. Picha haitatikisika."

Studio nilimtii. Nje, mwanangu, nani angeacha kile kioo? Nilikuwa naiona picha kabla sijaipiga! Niliweza kuishusha kamera mpaka chini ya magoti, au kuinyanyua juu ya vichwa vya watu, na bado nikaona ninachokipiga. Na watu walikipenda kuliko mimi. Nikisimama tu mtaani, wapita njia wanajaa mgongoni kwangu kutazama, kama wamekuta runinga barazani. Niliona raha. Nilijiona mtu.

Sherehe za kina mama zilikuwa zangu peke yangu. Familia nyingi za pale, Waarabu na Waswahili, mwanamume hakanyagi ndani wanawake wakiwa wamejiachia, hata awe mpiga picha. Kwa hiyo harusi ya Nasra nilitumwa mimi. Nasra alikuwa mjukuu wa Bi Rukia, mama wa Kiarabu mfupi, mnene, mwenye goti bovu na sauti ya kuamrisha. Walikaa ghorofa ya pili kwenye mojawapo ya yale majengo ya vioo vya buluu. Nilipofika mchana, ngazi nzima ilinukia udi na biriani.

Kwenye mkeka katikati ya sebule alikaa mwanamke wa kupaka hina. Nitamwita Zuhura. Hina ya bibi harusi ilishapakwa jana yake. Siku hiyo alikuwa anawamalizia mashangazi kwa piko, ile hina nyeusi. Alikuwa mwembamba, kanga ya kijani kiunoni, maneno machache. Mkono wake ulikwenda bila kusita, maua yanatoka kwenye koni ya piko kama yanamwagika yenyewe. Nikachuchumaa, nikaiteremsha kamera mpaka usawa wa mkeka, nikawa natazama kwenye kioo. Hapo ndipo nilipoiona. Mkono wa gauni lake ulikuwa umepanda, na juu kidogo ya kifundo cha mkono palikuwa na kovu pana, lenye ncha mbele, umbo kamili la pasi.

Naye aliona nilichokiona. Akaushusha ule mkono wa gauni.

"Dada," akaniambia taratibu, bila kuinua macho, "piga mikono ya wenye sherehe. Mimi niache."

"Nimekuelewa, dada yangu."

"Hizi picha zinakwenda gazetini?"

"Hapana. Za albamu ya bibi harusi tu."

Akashusha pumzi, akaendelea kuchora. Sikumuuliza neno. Kovu la pasi halihitaji maelezo marefu kwa mwanamke.

Alasiri matarumbeta yakafika chini. Unajua matarumbeta yakipiga Kariakoo inakuwaje: machinga wanaacha bidhaa zao, wasukuma mikokoteni wanaziba njia, watoto wanatokea hujui wapi. Nikashuka mbio ili nipige picha ya jengo, magari yaliyopambwa na kina mama wakipiga vigelegele roshani. Nikajaribu kitundu. Nikaona migongo ya watu na kichwa cha mpiga ngoma. Basi nikanyoosha mikono yote miwili juu, nikatazama kwenye kioo, nikavuta picha karibu. Jua lilikuwa limeshakwenda upande wa pili wa maghorofa, mtaa wote ni kivuli, na kioo kikaonyesha vizuri mno. Nikasikia watu wanajaa nyuma yangu, wananisukuma kidogo, wanacheka. Nikatabasamu. Nilizoea.

Roshani ikajaa kina mama. Mmoja wao akapenya mpaka mbele kutazama matarumbeta, mtandio umemwangukia mabegani, anacheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone. Zuhura. Uso wake ukajaa kioo chote.

"Baki hapohapo, dada," sauti ikasema sikioni kwangu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, ya adabu. Niligeuza shingo. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi safi, ananukia marashi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kioo.

"Huyo wa kanga ya kijani," akasema. "Ni mke wangu. Namtafuta siku nyingi."

Nikafikiri nimesikia vibaya, kwa sababu ya ngoma. Akasogea zaidi. Akanishika mkono wangu ulioinua kamera, akanishika taratibu kabisa, na kwa kidole chake akachora alama juu ya kifundo cha mkono wangu.

"Ana alama hapa. Ya pasi. Ndiye. Ni roshani ipi hiyo?"

Mwanangu, matarumbeta yalikuwa yanapiga lakini mimi sikuyasikia tena. Nilisikia kile kidole. Mpaka leo nikivaa bangili mkono huu huiona sehemu ile. Na jambo lililonitisha kupita yote ni kwamba alisema "alama ya pasi" kama mtu anavyosema mkewe ana mwanya.

Sikufikiri, mwili ulifikiri. Nikabonyeza kitufe, kioo kikazima. Nikaishusha kamera, nikaweka jicho langu kwenye kitundu kama Bwana Kanti alivyonifundisha, viwiko mbavuni, na nikaigeuza kuelekea jengo la kona, lenye roshani kama zetu, ambako majirani wa kike nao walitoka kutazama harusi.

"Pale," nikasema. "La kona. Ghorofa ya tatu."

"Mbona umezima kioo?"

"Betri."

Nilikuwa nimebana jicho moja na jingine liko kitunduni, siwezi kumwona, ila marashi yake nayasikia. Nikawa nasubiri pigo. Halafu marashi yakapungua. Nilipotoa jicho, shati lake lilikuwa linakwenda kati ya mikokoteni kuelekea kwenye kona.

Nilipanda ngazi huku nashika ukuta. Nilijua nimenunua dakika chache tu, maana mtoto yeyote wa mtaa ule angemwonyesha harusi ilipo. Nikamkuta Bi Rukia jikoni, nikamwita pembeni, nikamwambia. Akamwita Zuhura. Zuhura aliponiona nilivyo, akajua kabla sijafungua mdomo.

"Alizungumza kwa sauti ya chini?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Basi ndiye. Akiwa na hasira hapigi kelele." Akakaa sakafuni palepale, karibu na masufuria, koni ya piko ikamtoka mkononi. "Nilihama Tanga. Nikahama Buguruni. Kumbe bado yuko nyuma yangu."

Bi Rukia hakusema pole. Alichukua kiti cha plastiki na fimbo yake, akatoka mpaka kwenye kona ya ngazi. Akaweka kiti katikati ya njia, akakaa, ngazi ikazibwa. Akaniambia, "Wewe simama nyuma yangu na hicho chombo chako. Wengine wamvalishe bibi harusi upesi, tunatoka mapema."

Hatukungoja sana. Tulisikia viatu. Alipanda bila haraka, mkono juu ya chuma cha ngazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea. Leo humu ni wanawake watupu, hata mwanangu wa kumzaa yuko chini anasubiri."

"Namtaka mke wangu tu. Niitie, sitaingia."

"Mimi hapa nina mjukuu ninayemwoza. Wake za watu siwajui."

"Yumo humo, bibi. Nimemwona kwa macho yangu." Akanitazama. Akatabasamu. "Huyu dada amenionyesha."

Bi Rukia hakugeuka kunitazama. Sikuweza kuyastahimili yale macho, basi nikafanya kitu pekee ambacho mikono yangu ilijua kufanya: nikainua kamera, nikaweka jicho kwenye kitundu, nikamlenga. Na pale kitunduni, mwanangu, nikapata nafuu. Alikuwa mdogo, yuko mbali, kama mtu aliye mwisho wa uchochoro mrefu. Nikajiambia, kumbe ni mtu tu. Nikabonyeza. Taa ikamulika. Nikabonyeza tena.

"Toa jicho hapo, binti!" Bi Rukia akanipigia kelele. "Yuko karibu!"

Nikatoa jicho. Alikuwa kashapanda ngazi zote zilizobaki. Mguu wake ulikuwa unagusa mguu wa kile kiti, na mkono wake umenyooshwa juu ya bega la Bi Rukia, vidole vinaelekea kwenye kamera yangu. Kitundu kilikuwa kimenidanganya. Kile kitundu huonyesha vitu mbali kuliko vilivyo, na mimi niliuchukua ule umbali kama ukuta nikajificha nyuma yake.

Nikarudi nyuma, mgongo ukagonga mlango. Bi Rukia akapiga fimbo chini na kupaza sauti, na mlango ukafunguka, na kina mama wakajaa ngazini: mashangazi wenye piko mbichi mikononi, wapishi wenye miiko, mama mmoja na mtoto ziwani. Hakuna aliyempiga. Walisimama tu wakamtazama usoni, wote. Na kila mmoja alikuwa amemwona vizuri, na picha yake ilikuwa ndani ya kamera. Akateremsha mkono wake. Akaunyoosha ukosi wa shati.

"Nitasubiri chini," akasema, kwa sauti ileile.

Ndani, Nasra, bibi harusi, alikuwa amesimama na gauni lake, wanja umeanza kumchuruzika. Ndiye aliyepata njia. "Apande gari langu," akasema. "Akae kwenye nafasi ya somo wangu. Nani atamfunua somo wa bibi harusi?" Somo mwenyewe, yule mama aliyemfunda bibi harusi na kumsindikiza, alikuwa wa kwanza kuvua baibui na nikabu yake akampa Zuhura.

Tulishuka. Kazi ya mpiga picha ni kutangulia mbele ya bibi harusi, anatembea kinyumenyume. Nilitembea kinyumenyume kumwelekea yule mtu, mgongo wangu kwake, na sikuthubutu kuweka jicho kitunduni. Niliwasha kioo, nikaishika kamera kifuani, nikawa natazama huku na huku, kwenye nyuso za watu, kwenye mlango, kila upande. Kwenye picha zile nusu ya vichwa vimekatwa. Nasra anazo mpaka leo.

Alikuwa pembeni ya mlango. Alitazama kila mwanamke aliyetoka kwa miguu, mmoja baada ya mwingine. Bibi harusi akapita, amefunikwa shali, kashikwa mkono na somo wake, na somo yule akapita karibu naye kiasi cha nguo kugusana. Hakumtazama. Alikuwa anatafuta mtu anayejificha, na somo wa bibi harusi yuko mbele ya watu wote. Mlango wa gari ukafungwa. Matarumbeta yakapanda.

Gari lilipoondoka ndipo nilipohisi marashi tena.

"Dada, ulinielekeza vibaya," akasema. Akaushika mkanda wa kamera uliokuwa shingoni mwangu, akaugeuza kama mtu anayetazama bei, akasoma jina la studio lililoandikwa pale. "Sawa. Nitakuja kuchukua picha yangu."

Kisha akaniachia, akaondoka.

Kuanzia hapo sikulala vizuri, mwanangu. Kila mteja aliyesukuma mlango wa studio alinishtua. Uso wa Zuhura nilishaufuta kwenye kamera usiku uleule wa harusi, nao uso wa yule mtu nikamwachia Bwana Kanti. Bwana Kanti aliuchapa, akaupeleka mwenyewe kwa Bi Rukia. Hakunigombeza. Alihamisha tu kiti chake kutoka chumba cha giza, alikosafishia mikanda, akakiweka mbele, karibu na mlango, akawa anashinda pale na gazeti lake la Kigujarati.

Na kweli alikuja. Mchana, watu wamejaa. Akasalimu kwa adabu, akaomba picha za harusi ya Nasra. Bwana Kanti akakunja gazeti.

"Picha za harusi ni za mwenye harusi," akamwambia. "Ya kwako ipo, umetokea vizuri sana, uko ngazini. Moja iko hapa, nyingine iko kwa Bi Rukia, nyingine wanawe wamepeleka polisi. Unataka nakala?"

Yule mtu akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya pazia la kupigia picha, nimeziba mdomo kwa kiganja. Halafu akatoka, na sikumwona tena. Sisemi hofu ilitoka naye. Hofu ilikaa kwangu miaka.

Zuhura yu hai. Wanawe Bi Rukia walimsafirisha kesho yake kwa dada yake, na baadaye alisimama mbele ya kadhi akapata talaka yake. Amezeeka kama mimi, ana wajukuu. Mji aliokwenda naujua, na jina lake la kweli nalijua. Yote mawili siyatamki, hata kwako wewe niliyekuzaa.

Bi Rukia alinipigia simu studio siku chache baada ya harusi, nikadhani ataniuliza albamu. Akaniambia, "Mwanaidi, ile siku ulitazama mbele vizuri. Nyuma yako ulikuwa unajua nani amesimama?" Nikamwambia sikujua. "Basi anza kujua," akasema, akakata simu.

Sasa, mwanangu, jibu lako. Ukiweka jicho kwenye kitundu, unachokiona ni siri yako na huyo unayempiga. Mkono wako utatulia, jua halitakusumbua, na hakuna atakayekuchungulia. Lakini utakuwa kipofu wa pembeni, na la hatari litaonekana liko mbali kumbe limeshakufikia. Ukitazama kwenye kioo, macho yako yanabaki huru, watoto wanauona uso wako hawakuogopi, unaona gari linalokuja. Lakini kioo hakikuonyeshi wewe peke yako. Uso wa mtu ulioko pale umeshawapa wote waliosimama mgongoni kwako, kabla hata hujabonyeza, kabla hata mwenyewe hajakubali. Siku hizi mna simu, na mgongoni kwenu imesimama dunia nzima.

Kwa hiyo tumia vyote viwili. Ila kabla ya kuinua kamera, geuka kwanza. Tazama nani yuko nyuma. Halafu mtazame unayetaka kumpiga, umuulize kwa macho kama yuko tayari kuonekana, na akikwambia mwache, mwache, usimuulize sababu. Ukiwa mahali pa hatari, usijifiche kitunduni ukadhani uko mbali. Na mtu akikwambia kwa upole mno umwonyeshe mtu mwingine alipo, zima kioo.

Nenda, mwanangu, ukafanye kazi yako. Mwenyezi Mungu akutulize mkono, akufungulie macho yote mawili, akulindie mgongo wako usioweza kuuona, na kila uso utakaopita mbele ya kamera yako aufikishe nyumbani salama.